Dawa ya sukari na safari za chooni: pima mkojo siku tatu kabla ya kulaumu kidonge

Watu wanaofika kwenye kaunta yangu ya dawa hapa Arua, Uganda, huja na lalamiko moja: "Nimeanza kidonge kipya cha sukari, sasa ni kama nimehamia chooni." Ukiuliza amechukua hatua gani, unakuta kidonge ameshakiacha. Mwingine amepunguza maji mpaka midomo imepasuka. Wa tatu alipita duka la dawa akauziwa Cipro, dawa ya kuua bakteria, bila kupimwa, naye yuko kwenye glibenklamidi, kidonge kingine cha sukari. Siku ya pili anatetemeka na kutoka jasho, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuangusha sukari ya damu.

Niliwahi kuwaambia waandike mkojo wao kwenye daftari. Wakarudi na kurasa zenye "mara nyingi" na "mwingi sana." Daktari hawezi kuamua lolote kwa "mwingi sana." Kwa hiyo leo tunapima kila mkojo kwa jagi na kuandika namba, hatua kwa hatua.

Shika hesabu moja tu kabla hatujaanza. Dapagliflozini ya miligramu 10, kidonge kinachotoa sukari mwilini kupitia mkojo, humwaga takriban gramu 70 za sukari kwa siku. Maji yanayofuatana na sukari hiyo ni kama mililita 375, hayajazi chupa ya nusu lita. Kwa mtu mzima hiyo ni safari moja ya ziada, labda mbili. Ukiamka mara nne au tano kila usiku, ujue kidonge hakikufanya kazi hiyo peke yake. Kina mshirika, na daftari ndilo litakalomtaja.

Usianze daftari, nenda leo hii

Kuna hali ambazo siku tatu ni nyingi mno. Ukiwa na mojawapo ya hizi, weka jagi chini utafute usafiri:

- Tumbo la chini limejaa na linauma, lakini mkojo hautoki kabisa.
- Homa na baridi ya kutetemeka pamoja na maumivu ya kiuno au ubavu.
- Kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka, usingizi usio wa kawaida. Kwa anayetumia gliflozini yoyote, yaani kundi la vidonge kama dapagliflozini, hii ni hatari hata kama mashine inaonyesha sukari ya kawaida, kwa sababu damu inaweza kujaa asidi huku sukari ikiwa haijapanda sana.
- Maumivu makali, wekundu au uvimbe kwenye sehemu za siri au kati yake na njia ya haja kubwa, hasa ukiwa na homa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba gliflozini zinaweza, kwa nadra, kufuatana na kuoza kwa nyama za sehemu hiyo. Ni nadra kweli, lakini mgonjwa anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache, na aibu ya kuonyesha sehemu hizo imewachelewesha wengi.
- Damu kwenye mkojo. Hata isipouma, hata ikija mara moja ikaacha.
- Mjamzito mwenye homa au mchomo anapokojoa.
- Mtoto aliyeanza kukojoa sana na kukonda. Huyo apimwe sukari ya damu siku hiyo hiyo.

Nyongeza kuhusu homa. Huku kwetu homa yoyote ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi hata ikithibitika vinginevyo mtu hupewa dawa ya malaria. Kipimo cha malaria kikiwa hasi na kiuno kinauma, omba mkojo upimwe.

Vifaa

Kusanya vyote kabla ya siku ya kwanza. Wengi hukwama saa tisa usiku kwa sababu jagi liko jikoni na kalamu iko kwenye mkoba wa mtoto wa shule.

- Jagi la plastiki la lita moja lenye mistari ya mililita 50. Liwe la kazi hii tu. Chora alama ya X kwa rangi isiyofutika ili asije mtu kuchotea uji.
- Ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya usiku, hasa kama choo kiko nje.
- Daftari dogo la shule na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari lenyewe.
- Saa au simu.
- Mashine ya kupimia sukari na stripu angalau 9.
- Kikombe kimoja utakachonywea kila kitu kwa siku tatu, ambacho umeshapima kinabeba kiasi gani.
- Dawa zako zote, na nasema zote, kwenye kaveera moja, yaani mfuko wa plastiki.

Stripu ndizo zinazoumiza mfuko. Kama huwezi kupata 9, tumia 6 kwa mpangilio nitakaoutaja kwenye hatua ya 4. Kama huna mashine kabisa, fanya daftari la mkojo hata hivyo, kisha omba sukari ipimwe kituo cha afya asubuhi na mchana wa siku moja kati ya hizo tatu.

Hatua ya 1: Mwaga kaveera mezani

Toa kila dawa, soma jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa, na uandike mambo matatu: jina, saa unayokunywa, na tarehe uliyoanza. Tarehe ndiyo watu huruka, na ndiyo yenye ushahidi. Kidonge ulichokinywa miaka minne bila shida ni vigumu kukishtaki kwa jambo lililoanza wiki iliyopita.

Sasa zitenganishe.

Metformini. Huvuruga tumbo na kuharisha mwanzoni, lakini haiongezi mkojo. Huyu husingiziwa kuliko wote. Figo zikiwa zimedhoofu sana daktari huipunguza au huisimamisha, lakini hapo ni kwa kuzuia dawa isirundikane mwilini.

Glibenklamidi, glimepiridi na insulini. Haziongezi mkojo. Zikifanya kazi vizuri huupunguza, kwa kuwa sukari inashuka. Hatari yake ni sukari kushuka kupita kiasi.

Gliflozini. Tafuta herufi "gliflo" katikati ya jina: dapagliflozini, empagliflozini, kanagliflozini. Kwa majina ya biashara ni kama Forxiga na Jardiance. Hizi kweli huongeza mkojo, ndiyo kazi yake. Huziba mlango ambao figo hutumia kuirudisha sukari kwenye damu, sukari ikatoka na kuvuta maji. Ni dawa nzuri kwa moyo na figo za wengi, kwa hiyo kuiacha bila sababu ni hasara kubwa.

Pioglitazoni. Hushikilia maji mwilini, miguu ikavimba mchana, kisha ukilala maji yale hurudi kwenye damu na kuwa mkojo wa usiku. Pia, anayeitumia akiona damu kwenye mkojo aseme mara moja, maana imehusishwa na saratani ya kibofu.

Usiishie kwenye dawa za sukari. Angalia za presha: hidroklorothiazidi, bendroflumethiazidi na furosemidi, ambayo wengi mnaijua kama Lasix, ni vidonge vya kutoa maji. Amlodipini huvimbisha miguu, na mkojo wa usiku ukafuata. Amitriptilini inayotolewa kwa miguu inayowaka moto, pamoja na Piriton ya mafua, hufanya kinyume: huzuia kibofu kujimwaga. Na mitishamba uiandike pia. Musawo (daktari) hatakupiga, anataka tu kujua unakunywa nini.

Umefaulu hatua hii ikiwa kila dawa ina jina, saa na tarehe. Kama kuna kidonge kisicho na kasha wala jina, kipeleke ulikokipata wakuandikie.

Hatua ya 2: Chagua siku tatu za kawaida

Zifuatane kama inawezekana. Usichague siku ya harusi, siku ya safari, wala siku unayofunga. Siku moja haitoshi kwa sababu kila mtu ana siku yenye chai nyingi.

Onyo kubwa la hatua hii: usibadilishe chochote. Kunywa maji yako kama kawaida, meza dawa zako kama kawaida, kula posho lako (ugali) kama kawaida. Watu wakijua wanapimwa hujirekebisha, halafu daftari linaonyesha mtu mwingine. Mama mmoja aliniletea kurasa safi ajabu, mkojo lita moja na robo kwa siku. Kumbe alikuwa ameacha kunywa maji baada ya saa sita mchana ili "matokeo yawe mazuri." Huu si mtihani wa kupasi.

Hatua ya 3: Pima kila mkojo, hata wa saa tisa usiku

Asubuhi ya siku ya kwanza ukiamka, kojoa kama kawaida na usipime. Andika saa. Hapo ndipo siku yako inapoanza, na itaisha kesho yake utakapopima mkojo wa kwanza wa asubuhi. Sababu ni kwamba mkojo wa kuamkia ulitengenezwa usiku uliopita. Ukiuhesabu mwanzoni na mwishoni utakuwa umehesabu usiku mbili ndani ya siku moja.

Baada ya hapo kila safari ni kwenye jagi. Weka jagi mahali palipo sawa, soma mstari ukiwa umeinama macho yawe usawa wake, andika, mwaga, suuza. Mwanamke ataona ni rahisi zaidi kutumia ndoo kisha kumimina kwenye jagi. Ukiwa kazini na huwezi kubeba jagi, andika saa na neno "nje" badala ya kukisia namba. Alama mbili za "nje" kwa siku hazina neno. Zikifika tano, rudia siku hiyo.

Usiku, ukiamka kwa sababu ya mkojo, weka alama ya nyota. Ukiwa uliamshwa na mbu au mtoto, ukaamua tu kwenda kwa kuwa ushaamka, usiweke nyota. Tofauti hiyo daktari anaitaka.

Kuhusu saa. Sisi tukisema saa 2 usiku tunajua ni muda gani. Lakini daktari anayesoma daftari kwa Kiingereza anaweza kuona "2 usiku" akadhani ni saa nane za usiku wa manane. Nimewahi kuona daftari zima likisomwa kichwa chini miguu juu kwa sababu hiyo. Andika neno kila mara: asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri. Na juu ya ukurasa andika kwa herufi kubwa: SAA ZA KISWAHILI.

Upande wa pili wa ukurasa andika ulichokunywa: vikombe vya chai, maji, uji, soda, bia. Katogo (matoke ya kupikwa kwa mchanganyiko) yenye mchuzi mwingi iandikie mstari pia.

Huu hapa ukurasa halisi, kwa ruhusa ya mwenyewe, fundi baiskeli wa miaka sitini na kidogo aliyekuwa na wiki tano kwenye dapagliflozini:

Saa 2:10 asubuhi, 400
Saa 4:00 asubuhi, 450
Saa 6:30 mchana, 350
Saa 9:15 mchana, 400
Saa 12:00 jioni, 300
Saa 3:00 usiku, 400 (nalala)
Saa 6:20 usiku, 500, nyota
Saa 9:05 usiku, 450, nyota
Saa 11:00 alfajiri, 450, nyota
Saa 12:40 asubuhi, 400 (naamka)

Jumla mililita 4,100. Tutarudi kwake.

Umefaulu ikiwa kila mstari una saa, kipindi cha siku na namba. Mstari uliosahaulika acha wazi. Namba ya kubuni itampotosha daktari kuliko nafasi tupu.

Hatua ya 4: Weka sukari ya damu kando ya mkojo

Hapa ndipo daftari linapopata macho. Pima mara tatu kwa siku: asubuhi kabla ya kula, saa mbili baada ya chakula cha mchana, na kabla ya kulala. Wenye stripu 6 wapime asubuhi na kabla ya kulala.

Sababu: figo za mtu mzima kwa kawaida hurudisha sukari yote kwenye damu mpaka damu ifike karibu 10 kwenye mashine zetu (zinazosoma kwa mmol/L). Ikipita hapo, inaanza kumwagika kwenye mkojo na kuvuta maji, kidonge kiwepo kisiwepo. Kwa hiyo mtu mwenye 16 kabla ya kulala atakojoa usiku kucha, na kosa si la dawa. Pengine dawa haitoshi.

Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha, ndipo utoboe. Msimu wa maembe nimeona 19 ya uongo kwa kijana aliyetoka kumenya embe dakika chache nyuma. Aliponawa na kupima tena ikawa 8. Angekuwa anatumia insulini, ile 19 ingeweza kumfanya ajidunge dozi asiyoihitaji.

Mashine ikiandika HI badala ya namba, sukari iko juu kuliko inavyoweza kusoma. Acha daftari, nenda hospitali.

Hatua ya 5: Piga hesabu, kisha soma sura ya mkojo wako

Kwa kila siku tafuta namba nne: jumla ya siku, jumla ya usiku, kiasi kikubwa kuliko vyote, na idadi ya nyota. Jumla ya usiku ni kila mkojo baada ya kulala, pamoja na ule wa kuamkia.

Jumla ikizidi lita 3 kwa siku, mkojo ni mwingi kweli. Usiku ukibeba zaidi ya theluthi moja ya jumla kwa mtu mwenye umri mkubwa, tatizo liko usiku. Sasa linganisha na sura hizi.

Safari nyingi, kila moja kubwa, sukari inapita 10 mara kwa mara. Sukari ndiyo inayokojolesha. Ukiacha dawa hapa utakuwa umemwaga petroli kwenye moto.

Safari nyingi, kila moja kubwa, lakini sukari ni nzuri. Tazama gliflozini, kidonge cha kutoa maji, na kikombe chako. Kumbuka ile mililita 375, kisha tafuta iliyobaki inatoka wapi.

Safari nyingi, kila moja ndogo, chini ya mililita 150, jumla ya kawaida. Hapa kibofu chenyewe kinasumbuliwa. Inaweza kuwa maambukizi, tezi dume kwa mwanamume wa makamo na kuendelea, au kibofu kilichozoea kushtuka. Kubadilisha dawa ya sukari hakutasaidia.

Safari chache, kila moja kubwa sana, mkondo dhaifu, matone baadaye. Kisukari cha miaka mingi huharibu neva za kibofu, mtu asijue kimejaa. Angalia kama unatumia amitriptilini au Piriton.

Mchana salama, usiku balaa. Chunguza miguu jioni: bonyeza kifundo kwa kidole, hesabu mpaka kumi, achia. Shimo likibaki, maji yamekusanyika mguuni. Dawa za kuvimbisha zinaweza kuwa sababu, na moyo na figo pia. Ukivimba miguu na kukosa pumzi ukilala chali, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kuna jambo moja jagi haliwezi kupima: mchomo. Jiulize mchomo uko ndani au nje. Mchomo wa ndani unaokuja na haja ya ghafla huelekea kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Mchomo wa nje, mkojo unapogusa ngozi, pamoja na kuwashwa, uchafu mweupe kwa mwanamke au wekundu chini ya govi kwa mwanamume, huelekea kuwa fangasi. Fangasi ndio usumbufu wa kawaida kuliko wote kwa watumiaji wa gliflozini, kwa sababu sukari inabaki kwenye ngozi. Dawa yake ni ya fangasi. Cipro haigusi fangasi, na inaweza kuwaongeza.

Na sisimizi? Ndiyo, wakikusanyika ulipokojoa kuna sukari. Wazee wetu walikuwa sahihi. Lakini kwa anayetumia gliflozini sisimizi watakuja hata kama sukari ya damu ni 6, kwa sababu dawa inaimwaga makusudi. Usiwatumie kama maabara.

Hatua ya 6: Peleka daftari, na useme jina la kidonge kwanza

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo wote, kwa hiyo nivumilie.

Mzee mmoja alikwenda kliniki, jina halina haja, akiwa kwenye empagliflozini. Wakachovya stripu ya mkojo ikageuka rangi yote: sukari misalaba minne. Hakuna aliyepima damu. Wakaona sukari imeshinda dawa, wakamwongezea glibenklamidi mara mbili kwa siku. Usiku wa tatu mkewe alimkuta amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Walimpa chai yenye sukari kijiko kwa kijiko kwa kuwa alikuwa bado anameza, na akarudi. Sukari yake ya damu asubuhi ya siku ile ya kliniki, kwa mashine yake mwenyewe, ilikuwa 7.

Sasa jua: kwa mtumiaji wa gliflozini, stripu ya mkojo itaonyesha sukari siku zote. Haina maana yoyote kuhusu damu. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza ukiingia iwe: "Musawo, natumia dawa inayotoa sukari kwa mkojo, jina lake hili hapa." Mpe kasha. Kisha fungua daftari.

Omba, kwa adabu lakini bila kuondoka, mambo haya kulingana na sura yako:

1. Mkojo upimwe kwa ajili ya maambukizi, si sukari tu. Vituo vingi vya ngazi ya tatu vina stripu. Maambukizi yakirudi mara kwa mara, omba mkojo uoteshwe maabara kabla ya dawa nyingine. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo pa kuulizia.
2. Kipimo cha figo cha damu, kreatinini, kama hujapima mwaka huu.
3. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kama kipo, maana siku tatu zinaweza kudanganya.
4. Kwa mwanamume mwenye mkondo dhaifu, tezi dume iangaliwe.

Kama mnakubaliana kwamba dawa ndiyo iliyoleta shida, mwombe mhudumu aripoti kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA. Ndiyo inayokusanya taarifa za madhara ya dawa nchini.

Umefaulu ukitoka na jina la tatizo, si na mfuko wa dawa tu.

Hatua ya 7: Unayoweza kurekebisha mwenyewe

Gliflozini inywe asubuhi, kama hukuandikiwa vingine. Kidonge cha kutoa maji pia kina saa yake. Muulize daktari kama unaweza kukihamishia asubuhi, usikihamishe kimyakimya.

Maji usiyapunguze, yahamishe. Kunywa zaidi kabla ya jioni, kisha kunywa kidogo saa mbili au tatu za mwisho kabla ya kulala. Chai ya usiku ni mkojo wa usiku wa manane. Kama miguu huvimba, inyanyue kwenye stuli kwa muda wa saa moja wakati wa alasiri ili maji yatoke kabla hujalala.

Sehemu za siri zioshwe kwa maji kila siku na zikaushwe vizuri. Kukausha ndiko kunakosahaulika, hasa kwa wanaostanji kwa maji na kuvaa haraka. Chupi iwe ya pamba.

Ambaye kibofu chake hakimaliziki: kojoa, simama, hesabu mpaka thelathini, jaribu tena bila kusukuma kwa nguvu.

Ukitapika, ukiharisha au ukishindwa kula na kunywa, piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Gliflozini na metformini kwa kawaida husimamishwa kwa muda katika hali hiyo, mpaka ule na kunywa tena. Insulini haiachwi. Ndivyo pia kabla ya upasuaji: gliflozini huachwa angalau siku tatu kabla, kwa mpango wa daktari. Anayetaka kufunga Ramadhani au kufunga kwa maombi aongee na daktari wiki kadhaa mapema. Na kulewa ukiwa kwenye gliflozini, huku hujala, ni njia fupi ya ile asidi niliyoitaja mwanzoni.

Safari ya basi Arua mpaka Kampala huwatia watu hofu, wakaruka dozi na kukaa na kiu siku nzima. Usifanye hivyo. Chukua kiti cha kando ya njia, kunywa kwa mafunda, kojoa kabla ya kupanda hata kama hujabanwa, na mwambie kondakta mapema kwamba una sukari. Karibu wote wanaelewa, nusu yao wana mama mwenye sukari.

Kisha rudia daftari wiki mbili baada ya mabadiliko, siku tatu zile zile kwa jagi lile lile.

Fundi baiskeli alirudia. Sukari yake wakati wa kurasa za kwanza ilikuwa 7.2 asubuhi, 9.1 baada ya mchana na 8.3 kabla ya kulala, kwa hiyo damu haikuwa na kosa. Usiku ulibeba 1,800 kati ya 4,100. Kaveera lake lilitoa hidroklorothiazidi aliyokuwa akimeza saa 3 usiku "ili asisahau," na upande wa vinywaji ukaonyesha chupa ya lita moja na nusu akiimaliza baada ya chakula cha jioni, kwa kuwa aliambiwa dawa mpya inataka maji mengi. Daktari alihamishia kidonge cha presha asubuhi, maji yakahamia karakana, dapagliflozini ikabaki palepale. Ukurasa wa pili: jumla 2,700, usiku 700, nyota moja.